Injini mbovu na wito wa kurejesha pikipiki: maswali ya wamiliki na madereva wa Tabora

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila siku vijiweni Ipuli, Isevya, Ng'ambo na Kiloleni, na kwa simu kutoka Sikonge, Urambo, Kaliua na Nzega. Majibu hayahusu kampuni moja. Ukiwa na pikipiki ya India, ya China au ya Japani, utaratibu ni ule ule. Kama injini yako inagonga leo, ruka moja kwa moja mpaka swali la fundi na spana.

Nimesikia kwenye grupu kwamba pikipiki za aina yangu zinarudishwa kwa sababu ya injini. Ni kweli?

Wito ni tangazo rasmi la kampuni la kurejesha pikipiki zenye kasoro ya kiwanda zikaguliwe au zitengenezwe. Sauti ya WhatsApp si wito. Wala picha ya injini iliyopasuliwa mezani kwa fundi si wito, hata kama fundi mwenyewe unamfahamu. Wito wa kweli una vitu vya kushika: jina la kampuni, modeli, kipindi zilipotengenezwa, namba za chasisi kuanzia ipi hadi ipi, kifaa chenye kasoro, hatari inayoweza kutokea, na mahali pa kupeleka pikipiki. Pia unasema wazi kwamba kazi ni bure. Tangazo lisilo na namba za chasisi ni la kutilia shaka. Na likikutaka utume elfu tano au kumi "ya usajili" kwenye namba ya simu, huyo ni tapeli, achana naye.

Njia ya kuhakikisha ni kwenda na namba yako ya chasisi kwa wakala wa kampuni hiyo, akaiangalie kwenye mfumo wake mbele yako. Usikubali jibu la "zenu hazimo" kabla hajaisoma namba. Omba jibu kwa maandishi, hata liwe mistari miwili yenye muhuri.

Hapa Tanzania nani anahusika na mambo haya?

Mara nyingi kampuni ndiyo inayoanza, kwa sababu ndiyo inayojua ni siku gani mashine gani ilikosea kiwandani. Kwa upande wa serikali, anayesimamia haki za mlaji ni Tume ya Ushindani, maarufu kama FCC, chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003. Sheria hiyo haiishii kwenye ushindani wa wafanyabiashara. Ina sehemu zinazohusu wajibu wa mtengenezaji, usalama wa bidhaa na kurejeshwa kwa bidhaa zenye hatari. Shirika la Viwango, TBS, linashughulika na ubora wa bidhaa zinazoingia na zinazouzwa. Trafiki na LATRA, wadhibiti wa usafiri wa ardhini, hawahusiki na kasoro ya kiwanda, kwa hiyo usipoteze siku kwenye foleni zao kwa jambo hili.

Jirani yangu tulinunua duka moja, wiki moja. Yake imo, yangu haimo. Inakuwaje?

Kiwanda hutengeneza kwa mafungu. Fungu moja la beringi likitoka laini kuliko inavyotakiwa, litaingia kwenye injini za siku kadhaa, kisha linaisha na linakuja jingine. Pikipiki mbili zilizokaa pamoja dukani pale barabarani mjini zinaweza kuwa zilitoka kiwandani miezi tofauti. Tarehe uliyonunua haina kazi hapa, kinachotazamwa ni tarehe iliyotengenezwa.

Mfano wa wazi ni wa Mei 2021. Royal Enfield ya India ilitangaza kurejesha pikipiki 236,966 katika nchi saba kwa sababu ya koili ya moto iliyoweza kufanya injini ikose moto na hata kuleta shoti. Zilizohusika ni zilizotengenezwa kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021. Kampuni yenyewe ilisema inatarajia chini ya asilimia 10 ndizo zitakazohitaji kubadilishiwa kifaa, zilizobaki zilikuwa za kukaguliwa tu. Kwa hiyo pikipiki yako kuwemo kwenye orodha hakumaanishi kwamba ni mbovu. Maana yake ipelekwe ikaangaliwe. Na kutokuwemo hakuizuii injini yako kuwa na tatizo lake pekee, ambalo utalidai kwa njia ya waranti.

Namba ya chasisi iko wapi na naisomaje?

Kwa pikipiki nyingi imegongwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapoingilia, upande wa kulia au wa kushoto. Geuza usukani wote, futa vumbi na grisi, utaiona. Ina herufi na tarakimu 17. Herufi I, O na Q hazitumiki kabisa, kwa hiyo ukidhani umeona O, andika sifuri. Inayoanza na L imetoka China, inayoanza na MA mpaka ME ni ya India, na J ni ya Japani. Namba ya injini ni nyingine, nayo imegongwa kwenye mwili wa injini chini.

Linganisha zote mbili na kadi. Ukikuta hazifanani, hilo ni tatizo kubwa kuliko wito wowote, na lianzie TRA na polisi.

Kadi ya pikipiki haina jina langu. Nilinunua kwa mtu, naye alinunua kwa mtu. Bado nina haki?

Hapa ndipo watu wengi wa mikoani wanapopotea. Wito unaifuata chasisi, haumfuati mtu. Kama chasisi imo, aliyeishika pikipiki leo anastahili kutengenezewa, awe mnunuzi wa kwanza au wa nne. Kasoro haihami kwa sababu pikipiki imebadilisha mikono.

Shida ni kwamba taarifa haitakufikia. Wakala akitaka kuwapigia wateja, atampigia yule aliyeandikwa dukani siku ya kwanza, ambaye labda alishahamia Mpanda na laini yake ya simu alishaitupa. Tabora pikipiki nyingi zimeuzwa kwa karatasi ya daftari yenye sahihi mbili na shahidi mmoja, kadi ikabaki na jina la zamani kwa sababu kila mmoja alikwepa gharama ya kuhamisha umiliki. Basi ukae ukijua kwamba hakuna atakayekutafuta, itakubidi uende mwenyewe.

Nenda na vitu hivi: kadi ya asili, mkataba wa mauziano hata kama ni wa daftari, na kitambulisho cha NIDA. Kama mkataba haupo, mtafute aliyekuuzia, muuandike sasa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Halafu, ndugu yangu, kahamishe hiyo kadi. Ukaguzi wa injini unaweza kuupata bila jina lako kwenye kadi. Lakini ikifika hatua ya kupewa injini mpya au kurudishiwa fedha, wakala yeyote atauliza mali ni ya nani, na sioni kama anakosea kuuliza.

Mimi ni dereva, niko kwenye mkataba. Pikipiki ikikaa gereji wiki mbili, hesabu nani analipa?

Hakuna swali linaloleta ugomvi kama hili. Tajiri, yaani mwenye pikipiki, anasema mkataba ni mkataba, hesabu ya kila siku iko pale pale. Dereva anasema hawezi kulipa hesabu ya pikipiki ambayo haipo barabarani. Mikataba mingi ya mitaani haikulitaja jambo hili. Imeandikwa tu kiasi cha kila siku, idadi ya miezi, na kwamba servisi ni juu ya dereva.

Maoni yangu ni kwamba kasoro ya kiwanda si servisi. Servisi ni oili, plagi, cheni, breki, vitu vinavyochakaa kwa kazi ya dereva. Krankshafti (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini) iliyotoka mbovu kiwandani dereva hakuichakaza, na kumtwisha hesabu ya siku hizo ni kumfanya alipie kosa la mtu aliyeko nje ya nchi. Njia wanayoikubali matajiri wenye busara ni kusogeza mkataba mbele: siku zilizokaa gereji hazihesabiwi, na mwisho wa mkataba unasogea kwa idadi hiyo hiyo. Tajiri hapotezi hesabu yake, inachelewa tu. Andikeni makubaliano hayo siku pikipiki inapoingia gereji, msisubiri mpaka itoke.

Tajiri naye ana wajibu wake. Yeye ndiye mwenye risiti na kadi, kwa hiyo yeye ndiye wa kwenda kwa wakala au kumpa dereva barua ya kumwakilisha. Dereva anayetumwa mikono mitupu anarudishwa mlangoni.

Nitajuaje kama tatizo ni la kiwanda au ni matumizi yangu?

Kwa uhakika, mpaka injini ifunguliwe na mtu anayejua. Ila kuna dalili za kuanzia.

Kwanza sikiliza mlio unatoka wapi. "Tik-tik-tik" ya juu, kwenye hedi, mara nyingi ni valvu zinazotaka kurekebishwa au cheni ya taiming iliyolegea, na hiyo ni kazi ya kawaida ya servisi. "Ko-ko-ko" nzito ya chini, inayozidi ukiongeza moto au ukipanda mlima na abiria, ndiyo ya kuogopa, kwa sababu hapo ni konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krankshafti) au beringi za krankshafti. Injini yenye kilomita elfu mbili haina sababu ya kulia hivyo.

Pili angalia oili inayomwagwa. Imwage kwenye chombo safi, ipitishe kwenye kitambaa cheupe, kisha pitisha sumaku. Servisi ya kwanza kabisa chembe ndogo za kung'aa ni kawaida, vyuma vipya vinasuguana mpaka vizoeane. Servisi ya tatu au ya nne ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, kuna kitu kinaliwa ndani. Vinavyonata kwenye sumaku ni vya chuma, kama gia, beringi au krankshafti. Visivyonata huenda ni alumini, yaani pistoni au mwili wenyewe wa injini. Weka kitambaa hicho kwenye mfuko wa nailoni. Ni ushahidi.

Tatu, moshi. Wa bluu unaotoka wakati wote unaonyesha oili inaungua: ringi, silinda au sili za valvu. Na hapa lazima niseme ukweli usiopendwa. Vumbi la Tabora ni la mchanga, na mchanga ukipita kwenye chujio la hewa unakula ringi na silinda kama msasa. Madereva kibao wamelitoa chujio kabisa ili pikipiki "ivute", au wanaliosha kwa petroli na kulirudisha likiwa limetoboka. Ukienda na injini inayotoa moshi wa bluu na chujio halipo, wakala hatasumbuka hata kufungua, na huwezi kumlaumu. Vivyo hivyo kwa aliyezoea kupakia magunia ya mkaa kutoka Sikonge kila siku tangu wiki ya kwanza, au mishikaki ya watu watatu.

Oili nayo ina mambo yake. Pikipiki nyingi za bodaboda huchukua kama lita moja tu, basi ikipungua robo lita hiyo si kidogo. Oili hiyo hiyo ndiyo inayoogesha klachi, ndiyo maana kopo linatakiwa liwe na maandishi JASO MA au MA2, alama za oili ya pikipiki. Oili ya gari inaweza kufanya klachi iteleze. Hifadhi kopo tupu la kila servisi, au walau lipige picha pamoja na mita ya kilomita.

Injini inagonga na fundi wangu ameshashika spana. Afungue?

Hapana. Kama waranti bado ipo au kuna wito unaosubiriwa, mwambie aweke spana chini. Injini ikishafunguliwa nje ya gereji ya wakala, umewapa sababu nyepesi ya kukataa: watasema kilichoharibika kiliharibiwa na fundi, na hutakuwa na namna ya kuthibitisha vinginevyo. Simdharau fundi wa mtaani. Wapo Ng'ambo wanaoijua injini ya pikipiki kuliko kijana mwenye ovaroli mpya la kampuni. Lakini hili ni suala la ushahidi.

Afanye yafuatayo bila kufungua: apime kiwango cha oili, arekodi mlio kwa video ya simu injini ikiwa ya baridi na ikiwa ya moto, apige picha mita, namba ya chasisi na namba ya injini. Kama mnataka maoni ya mtu wa tatu asiye na upande, ulizia kwa walimu wa ufundi wa magari wa VETA hapa mjini.

Naweza kuendelea kupiga kazi nikisubiri?

Kama ni mlio wa chini, au wito umesema injini inaweza kujam, usipakie abiria. Injini ikijam ukiwa kwenye mwendo, tairi la nyuma linafunga papo hapo na pikipiki inaserereka. Kwenye lami ya Nzega huku fuso liko nyuma yako, hilo ni suala la uhai. Ikitokea, kamata klachi mara moja, hapo tairi linaachiwa na kuzunguka tena, kisha jitoe pembeni taratibu bila kuikaba breki. Ukiisikia injini inaanza kukosa nguvu ghafla na kuwa nzito, vidole viwe tayari kwenye klachi.

Najua "usipakie abiria" ni rahisi kuandika kwa mtu asiyedaiwa hesabu jioni. Bado jibu ni hilo.

Nitalipia chochote?

Kwa wito, hapana: ukaguzi, kifaa na ufundi vyote ni vya kampuni. Wakikuambia oili ununue wewe, uliza imeandikwa wapi.

Wakala anasema waranti imeisha, na risiti imeandikwa "mali ikiuzwa hairudishwi".

Ni mambo mawili. Waranti ina kikomo cha muda au cha kilomita, chochote kitakachotangulia. Wito unahusu kasoro ya hatari iliyokuwepo tangu kiwandani, kwa hiyo kuisha kwa waranti peke yake si jibu. Kuhusu maneno ya kwenye risiti, hayafuti wajibu wa muuzaji kuuza kitu kinachofaa kwa kazi yake. Muuzaji hawezi kujiandikia msamaha kwenye kijikaratasi.

Wanachoweza kukubana nacho ni servisi. Wengi hawana rekodi yoyote, na kebo ya mita ilikatika zamani, hivyo kilomita zinabishaniwa. Itengeneze hiyo kebo. Nayo risiti ya EFD ya siku uliyonunua pikipiki itoe kopi au ipige picha, maana maandishi yake hufifia, na baada ya mwaka unabaki na karatasi nyeupe.

Niko Kaliua, wakala yuko Tabora mjini. Niiendeshe hadi huko?

Kama ina mlio wa chini, ipakie kwenye gari. Kabla ya kuisafirisha piga simu, uulize kama kifaa kimefika, kwa sababu pikipiki iliyopelekwa mapema inakaa tu uani kwa wakala huku wewe huna kazi. Uliza pia kama watafidia usafiri, na utunze risiti ya gari hata wakikataa.

Bima itanisaidia?

Haitasaidia. Bima ndogo hulipa madhara uliyomsababishia mtu mwingine. Hata bima kubwa kwa kawaida hailipi injini iliyokufa yenyewe.

Wamenibadilishia injini nzima. Kuna la kufanya zaidi?

Lipo, na linasahaulika. Namba ya injini imebadilika, kadi bado ina ya zamani. Siku trafiki akikagua, au ukitaka kuuza, utaonekana una injini ya wizi. Usitoke gereji bila barua ya wakala inayotaja namba ya zamani, namba mpya na sababu ya kubadilisha, kisha uende TRA wakarekebishe kadi. Jua pia injini ya zamani imebaki kwa nani. Kama ni kwao, barua iseme hivyo.

Nilishatengeneza kwa hela yangu kabla wito haujatoka. Nirudishiwe?

Dai, ila bila risiti na vifaa vya zamani utapata shida. Ndiyo maana siku zote mwambie fundi akurudishie pistoni, beringi au konrodi aliyoitoa. Fundi akisema "hivyo ni vyuma chakavu tu", chukua hivyo hivyo.

Wakala amekataa kabisa. Na pale kijiweni tuko zaidi ya mmoja wenye shida hii hii.

Basi msiende mmoja mmoja. Malalamiko ya mtu mmoja wakala atayaita bahati mbaya au uzembe. Injini zenye mlio ule ule, zilizokufa kwenye kilomita zinazokaribiana, chasisi zikifuatana, hizo zinaonyesha mwenendo, na mwenendo ndio unaoisukuma kampuni kuchunguza.

Katibu wa kijiwe afungue daftari. Kila mwenye pikipiki aandike jina, simu, namba ya chasisi yote 17, namba ya injini, tarehe ya kununua, kilomita tatizo lilipoanza, oili aliyotumia, na maelezo mafupi ya dalili. Asiyekuwa na uhakika wa kilomita aandike "mita haifanyi kazi", asibuni. Ukibuni jambo moja ukakamatwa, daftari zima linatiliwa shaka.

Andikeni barua moja kwa wakala, nakala kwa kampuni iliyoingiza pikipiki nchini, mkiwapa tarehe ya kujibu. Wapelekeeni kwa mkono, na nakala yenu igongwe muhuri wa "imepokelewa". Tarehe ikipita kimya, barua hiyo hiyo pamoja na viambatisho iende FCC kama malalamiko ya mlaji, na mkihisi ni suala la ubora wa bidhaa nzima, nakala iende TBS. Daftari la asili libaki kijiweni, zitoke kopi tu.